Fundi umeme wa Kizota aliyeikamata Carina yangu ikiwa inagoma kuwaka, nimelipa elfu 65 tu

Mbukwenyi wana Dodoma na wote mnaotembelea magari yenye umri. Naandika hii kwa sababu mwaka huu nimeteseka na gari miezi minne, nimepita gereji tatu, hela imeondoka, halafu mzee mmoja akaja kumaliza lile tatizo kwa siku moja na nusu, na nikikaa kimya nitakuwa sijamtendea haki yeye wala nyie wenye shida kama yangu.

Gari ni Carina Ti ya 1999, injini ya 5A, gia otomatiki. Niliuziwa na shemeji yangu 2016 na ndiyo inayosomesha watoto mpaka leo, maana mimi nanunua zabibu Mpunguzi na vijiji vya jirani huko barabara ya Iringa naleta mjini, nawapa akina mama wa Majengo na Sabasaba, nyingine zinaenda kwa watu wa majumbani. Zabibu mnazijua, ukizichuma asubuhi zikashinda kwenye buti juani mpaka saa nane zinaanza kulia maji na mteja anakurudishia kreti lake bila hata salamu. Kwahiyo kwangu mimi gari kugoma kuwaka siyo usumbufu tu, ni mtaji unaozea kwenye buti.

Tatizo lilianza mwezi wa tano. Unazungusha ufunguo, taa zote za dashibodi zinawaka vizuri kabisa, redio inaimba, lakini ukipeleka mpaka mwisho unasikia TAK moja tu na kimya. Unarudisha, unazungusha tena, TAK. Mara ya tano au ya sita inashika ghafla na kuwaka kwa nguvu kama haijawahi kuugua. Halafu inaweza kukaa siku kumi bila kosa hata moja mpaka unasahau, siku ya kumi na moja uko sheli umejaza mafuta, kuna foleni nyuma yako, TAK. Na ndiyo ubaya wa ugonjwa wa kuja na kuondoka, ukiipeleka gereji inawaka mara ishirini mfululizo mbele ya fundi na wewe unaonekana muongo.

Gereji ya kwanza (sitaitaja, na hizo nyingine pia sitazitaja, siko hapa kuharibu riziki ya mtu) kijana akasikiliza dakika moja akasema betri imechoka. Sikubishana, betri ilikuwa na miaka miwili na nusu. 190,000. Ikakaa siku tisa ikagoma. Nikarudi, akaniambia basi alteneta haichaji vizuri, inaiua betri mpya, akafunga ya mtumba kwa 150,000 na ile yangu ya zamani akabaki nayo, mimi hata sikufikiria kuidai. Gereji ya pili wakachomeka mashine ya kompyuta, ikasoma kwamba hakuna kosa lolote. Wakasema basi hii ni plagi na pampu ya mafuta, vyote vikabadilishwa, 130,000. Gereji ya tatu walitaka kubadili swichi ya ufunguo, wakanitajia na stata, kisha wakaanza kuongelea kontroo boksi, ile kompyuta ya injini, hapo nikaondoka maana niliona sasa wanapapasa gizani.

Jumlisheni wenyewe, 470,000 na ugonjwa uko palepale.

Siku iliyonivunja ilikuwa mwezi wa nane, katikati ya msimu. Niko Mpunguzi na kreti 14 nimeshapakia, nimezima gari dakika kama kumi kumalizana na mwenye shamba, narudi kuwasha, TAK. Nikajaribu mpaka mkono ukauma. Jua lile la saa sita mnalijua. Otomatiki huwezi kusukuma ikawaka, kwahiyo vijana waliokuja kusaidia walibaki wanaangaliana. Kijana mmoja mwenye bodaboda akaomba spana ya tairi, akafungua boneti, akatafuta stata (ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake) ilipo akaigonga kidogo kidogo kama mara nne hivi, akaniambia mama piga sasa. Ikawaka! Sikuizima tena mpaka mjini, nilishusha kreti zote injini inaunguruma, hata sheli nilipita huku namuomba Mungu mafuta yafike.

Jioni nikamsimulia jirani yangu anayeendesha daladala. Akaniambia wewe umekuwa unazunguka kwa mafundi injini, hii kesi ni ya fundi umeme, nenda Kizota kamuulizie mzee wa mita, yaani kile kipimo cha umeme. Jina lake lipo lakini yeye mwenyewe kaniomba nisiliandike wala namba yake, anasema watu waliopo wanamtosha, ila ukifika kwenye gereji za Kizota ukasema unamtafuta yule mzee wa mita hata mtoto anakupeleka.

Nilifika saa mbili asubuhi. Ni kibanda cha mabati chini ya mwarobaini, mezani pamejaa alteneta na stata zilizofunguliwa, vijana wawili wanajifunza. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikataka kumweleza haraka haraka, betri mpya, alteneta imebadilishwa, na pampu, akanyanyua mkono akasema, "Mama, hivyo ulivyobadilisha tutavifikia. Niambie kwanza gari inafanyaje."

Na hapa ndiyo nataka mtulie kidogo kwa sababu yale maswali yake ndiyo yaliyofanya nimuamini hata kabla hajashika spana. Hakufungua boneti karibu nusu saa. La kwanza aliuliza, ukizungusha ufunguo, injini inazunguka ila haiwaki, au haizunguki kabisa? Nikasema haizunguki, ni TAK tu. Akatikisa kichwa, akaniambia hapo tayari tumeshafunga nusu ya milango. Gari ambayo stata inazungusha injini ile nyenge nyenge nyenge halafu haishiki, hiyo unatafuta mafuta au moto wa plagi, ndiyo unaongelea pampu, koili, distribyuta, sensa. Gari ambayo haizungushi kabisa, mafuta na plagi havijafikiwa bado, injini haijapewa hata nafasi ya kuvihitaji. Jamani niliumia. 130,000 yangu ya plagi na pampu ilienda kwa kukosa swali moja tu ambalo halina gharama.

La pili, ule mlio ni mmoja au mingi? Akanigongea mezani kwa kucha nisikie tofauti. TAK moja nzito ni kitu kimoja. Takatakataka ya haraka haraka ni kingine, hiyo mara nyingi betri imeisha au temino, vile vibanio vya nyaya kwenye betri, zimelegea, maana solenoidi (swichi ya umeme mkubwa inayokaa na stata) inavuta, stata inataka umeme mwingi, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inavuta tena, ndiyo maana inapiga kama cherehani. Na kama hakuna mlio wowote basi unarudi nyuma kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi, relei au ile swichi ya gia.

La tatu, ukishika ufunguo pale mwisho, taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vilevile? Sikuwahi kuangalia. Kumbe ni jambo kubwa. Taa zikizama kabisa maana yake betri inakamuliwa au kuna mahali umeme unabanwa, zikibaki zinang'aa maana yake ule umeme mkubwa hata haujaanza kutoka.

La nne, inagoma asubuhi ikiwa baridi au ikishapata moto? Nikamwambia ikishapata moto, sana sana nikizima kidogo nikawasha. La tano, umewahi kuweka gia kwenye N, yaani nyutro, ikawaka? Nikasema nilijaribu, haikusaidia. Hilo swali ni la otomatiki kwa sababu kuna swichi inayozuia stata isipige gari ikiwa kwenye gia, ikichoka gari inagoma kwenye P na kukubali kwenye N. Na mkiona nasema hivi siyo kwamba nimesoma mahali, asubuhi hiyohiyo ililetwa Noah ya mama mmoja wa Nkuhungu ina ugonjwa huo hasa, nikamuona anaifungua hiyo swichi, anaisafisha, anairekebisha kidogo mahali pake, dakika arobaini yule mama kaondoka.

La sita nilimsimulia mwenyewe, habari ya kijana wa bodaboda na spana ya tairi. Akacheka kwa furaha akasema yule kijana amekupima bure. Stata ikigongwa ikakubali, basi ndani yake kuna kitu hakigusani vizuri, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota au zile shaba za solenoidi. Ila hakuishia hapo, na wengi wangeishia hapo wakakuuzia stata nzima. Alisema, "Nadhani najua, lakini kudhani siyo kupima, ngoja inionyeshe."

Basi tukaanza kungoja itugomee, na hakika haikugoma. Akapima betri ikiwa imetulia, volti 12.6, akasema imejaa hiyo, haina shida. Akawasha, akapima alteneta na taa zote zikiwaka, 14.1, nzuri. Akanieleza kwamba betri nzima wakati stata inazungusha haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6, yangu ilishuka mpaka 10.8 tu, kwahiyo hata betri yenyewe ina nguvu. Akanizimia na kuniwashia mara kumi na mbili. Kila mara inawaka! Nikaanza kuona aibu ile ya gereji zote. Yeye hakuona shida, akasema gari ambayo haijagoma mbele yangu siiuzii kitu, acha ufunguo, uendelee na shughuli zako au ukae.

Nilikaa. Nikaenda kula kwa mama lishe wa pale jirani, ana ugali wa uwele na mlenda mzuri sana kwa wanaopenda vyakula vya nyumbani kwetu. Kuanzia saa tano mzee akamtuma kijana wake aizungushe Carina mpaka Bahi Road huko arudi nayo, izimwe, ikae dakika kumi boneti ikiwa imefungwa joto lipande, iwashwe. Wakarudia hivyo mara tatu huku yeye anaendelea na kazi za wengine. Mzee alikuwa tayari ameshaweka waya wa mita kwenye gari, niliona kwa macho yangu, yaani aliacha nyaya ndefu zimefungwa kwenye stata zimepita pembeni ya boneti ili ikigoma tu asomee hapohapo bila kugusa kitu, maana anasema ukianza kushikashika nyaya ugonjwa unajificha tena. Mafundi wangapi wanafikiria hivyo?

Saa nane na dakika chache kijana akazungusha ufunguo. TAK.

Mzee akapiga kelele USIACHIE, SHIKA HAPOHAPO, akaja na mita yake. Nitawaelezea alichokisoma kwa sababu alinisogeza nione mwenyewe namba moja moja. Kwenye betri 12.4, haikuporomoka. Akasema unaona, umeme haujatoka, betri imekaa tu inangoja. Kwenye ule waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo kwenda kuamsha solenoidi, 11 na pointi. Maana yake ufunguo mzima, fyuzi nzima, relei nzima, swichi ya gia nzima, amri imefika. Kwenye nati kubwa ya stata ambapo waya mnene wa betri unaingia, 12.3, kwahiyo ule waya hauna kasoro. Halafu akahamisha ncha ya mita kama inchi moja tu, kwenye nati ya pili ambapo umeme unatoka kwenye solenoidi kuingia kwenye mota ya stata yenyewe. Karibu na sifuri.

Umeme unaingia upande huu hautoki upande ule. Inchi moja! Miezi minne na 470,000, na kumbe kilichokuwa kinasumbua kiko katikati ya nati mbili zinazokaribiana kama vidole.

Akazima, akachomoa betri (negativu kwanza, aliwasisitizia wale vijana, ili spana ikigusa bodi isipige cheche), stata ikatolewa ikawekwa mezani. Solenoidi ndiyo ile sehemu inayokaa na stata, kazi yake mbili, kusukuma gia ndogo ishike flaiwili, lile gurudumu la meno la injini, na kuunganisha umeme mkubwa. Ndani kuna kipande kama pistoni chenye kisahani cha shaba mbele yake, na chini kuna shaba mbili zimekaa kila moja upande wake. Ukizungusha ufunguo koili inaivuta ile pistoni, kisahani kinazikanyaga shaba zote mbili kwa mpigo, umeme unapita, stata inazunguka. Ile TAK unayoisikia ni pistoni inayofika. Sasa kila ukiwasha cheche inakula shaba kidogo, miaka ishirini na zaidi ya kuwasha kila siku, na haziliwi sawa. Yangu moja ilikuwa bado nene, nyingine imeliwa mpaka imekuwa na ngazi, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi. Kisahani kikija kinakanyaga shaba moja, ile nyingine kinaikosa kwa unene wa karatasi. Kikija kimejizungusha kidogo kinaigusa, gari inawaka. Ndiyo maana mara ya tano inakubali, ndiyo maana kugonga kulisaidia.

Na kwa nini ikipata moto? Nilimuuliza hilo maana lilinisumbua. Akasema koili ikiwa ya moto umeme unapita kwa shida zaidi, nguvu ya kuvuta inapungua, kwahiyo ile pistoni haikandamizi kama asubuhi. Ikiwa shaba ni nzima hutajua tofauti, ikiwa imebaki pungufu ya karatasi basi ile nguvu kidogo iliyopotea ndiyo inakuangusha. Mpunguzi, saa sita, injini imetoka kuzimwa. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani kwangu.

Nilichopenda zaidi ni kwamba stata yenyewe alisema haihitaji kubadilishwa. Kaboni akazipima akaniambia bado zina maisha, bushi nzima, mota nzima. Shaba mbili mpya zikatafutwa duka la spea hapo hapo Kizota kwa 15,000, kisahani akakisugua kikawa sawa. Nakumbuka gereji ya tatu walinitajia stata ya mtumba 180,000 ije kutoka Dar, na stata ya mtumba ya gari za umri huu inaweza kuja na shaba zilizoliwa vilevile, unanunua ugonjwa wako mwenyewe kwa mtu mwingine.

Giza likawa limeingia akasema atamalizia kesho. Kesho yake asubuhi akafunga, na kabla hajanikabidhi akapima waya wa ethi, ule mweusi wa negativu unaofungwa kwenye injini na bodi, stata ikiwa inazungusha. Ikasoma volti 0.6. Akasema hapa haitakiwi kuzidi 0.2, umeme unapotea kwenye kutu. Akafungua ile bolti, chini yake pamejaa kutu nyekundu na vumbi letu la Dodoma, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapima tena, 0.1. Hicho hakikuwa kilichonileta, na hakukiandikia bei. Ila stata ilivyozunguka baada ya hapo mlio wake ulibadilika kabisa, inazunguka kwa nguvu nyepesi, hata mimi nisiye fundi nilisikia.

Bili: shaba 15,000, kazi 50,000. Jumla 65,000. Zile shaba za zamani akanifungia kwenye kipande cha gazeti akanipa, anasema kila alichotoa kwenye gari ya mtu ni cha mwenye gari. Ninazo nyumbani mpaka leo.

Sasa niwe mkweli kuhusu mapungufu maana mtu akienda asije akasema nimemdanganya. Mahali pa kungojea hakuna, ni vigoda vitatu chini ya mti, na upepo wa kule ukianza mnakula vumbi wote. Choo kwa sisi akina mama ni cha kuomba kwa yule mama lishe, ni safi lakini lazima uombe. Simu ya mzee nusu ya muda imezimwa, ukitaka kumpata nenda mwenyewe asubuhi na mapema, ukifika saa nne utakuta magari sita mbele yako. Jumapili hafungui. Na kubwa kuliko yote, hakutajii bei mpaka amepima, kuna watu pale waliondoka kwa hasira kwa sababu walitaka kuambiwa shilingi ngapi gari ikiwa bado barabarani. Ukiwa na haraka utaumia. Mimi mwenyewe siku ile nilipoteza mauzo ya siku nzima kwa kukaa pale, ila siku nzima moja dhidi ya miezi minne, nachagua siku moja hata leo.

Jingine, hashughuliki na injini wala miguu ya gari. Ukimpelekea gari inayotoa moshi au inayogonga chini atakuelekeza kwingine. Kuna baba alikuja na Mark II GX 100 inazungusha vizuri ila ikipata moto haishiki, akaipima kama plagi zinatoa cheche ikiwa imegoma, akakuta hakuna, akamwambia hii ni upande wa moto wa plagi, akaendelea nayo kwa sababu ni umeme. Angekuta cheche zipo angemrudisha kwa fundi injini, alimwambia hivyo tangu mwanzo.

Wiki tatu baadaye nilipata mshtuko mmoja. Asubuhi nazungusha ufunguo, hakuna hata TAK, na taa za dashibodi zimekuwa hafifu kama za kibatari. Moyo ulienda chini, nikaanza kufikiria nimempigia debe bure kwa jirani. Halafu nikayakumbuka maswali yake. Hakuna mlio. Taa zimezama. Basi umeme hautoki vizuri kwenye betri, hii siyo ile ya mwanzo. Nikafungua boneti, nikashika temino ya negativu, ikazunguka mkononi, kumbe jana yake waliosha gari na injini, wakafungua betri na hawakukaza. Spana namba 10, dakika mbili, ikawaka. Nilimpigia kumwambia, safari hiyo simu ilikuwa hewani, akasema tu, "Vizuri mama, umepima."

Tangu hapo msimu umeisha, nimeenda Mpunguzi na kurudi sijui mara ngapi, nimeenda nayo Kondoa kwenye msiba na Mtera kuchukua samaki, nazima popote ninapotaka. Ile alteneta yangu ya zamani nimeifuata kule gereji ya kwanza mara mbili, wanasema iliuzwa. Mzee ananiambia kwa alivyosikia maelezo yangu haikuwa na kosa, niendelee kuidai, na nitaendelea. Shemeji naye ana Corolla 110 imeanza kupiga takatakataka asubuhi, Jumatatu tunaipeleka, tutatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu ili tuwahi foleni.